Popote Tu, Mume Wangu

Ilikuwa saa tisa kasoro mchana na tulishapita mgahawa wa tatu. Wa kwanza tuliupita kwa sababu mume wangu alisema bado mapema. Wa pili kwa sababu nje hakukuwa na gari hata moja, na yeye ana imani yake, sijui aliitoa wapi, kwamba mgahawa usio na gari nje hata mwenye nao hali pale. Wa tatu tuliupita kwa sababu tulikuwa spidi, kufumba na kufumbua uko nyuma yetu, na huyu ni mtu asiyegeuza gari, kwake kugeuza gari ni sawa na kuomba msamaha. Kila tukipita mmoja anasema hapo mbele patakuwa na pazuri zaidi, na mi nimegeukia dirishani nahesabu nguzo za umeme.

"Sasa wewe unataka kula nini?" akaniuliza.

"Popote tu."

Hebu liangalie hilo jibu. Kaniuliza nini, nimemjibu wapi, na hata hiyo wapi yenyewe sikuimaanisha. Popote yangu siku ile ilikuwa na maana kwamba ule mgahawa wa pili, wenye maua mlangoni, ndo niliokuwa nautaka, na nilitaka uone mwenyewe bila mimi kufungua mdomo, na kwa kuwa hukuona basi sasa tutakula majani.

Tuna miaka minane ya ndoa na kila mwaka tunajitahidi tupate safari moja ndefu ya gari, siku tatu nne hivi, sisi wawili tu. Watu wakituuliza huwa wanauliza matairi, mafuta, mnalala wapi, nani anaendesha usiku. Hakuna anayeuliza mnakulaje. Na mimi nakwambia ukweli, katika safari zote hizo pancha hazijatugombanisha hata mara moja, pancha mnashuka mnasaidiana mnacheka, ila suala la tule wapi limeshatufanya tukae kilomita 80 bila kuongea, redio inaongea peke yake.

Nilichochelewa kukielewa ni kwamba dereva na abiria hawashikwi na njaa kwa wakati mmoja. Dereva ana kazi, macho yako barabarani, mikono iko kwenye usukani, akili inahesabu lile lori ntalipita au nisilipite, kwa hiyo tumbo likimwita haitiki. Abiria hana kazi yoyote. Abiria kakaa, kamaliza maji, kamaliza karanga, kaangalia simu mpaka chaji imeisha, sasa kilichobaki ni kufikiria chakula. Kwa hiyo mimi naanza kuona njaa saa sita kamili na yeye anaanza saa tisa, na kati ya saa sita na saa tisa ndo ndoa yetu inapopimwa. Afu ikifika hiyo saa tisa yake anakuwa na njaa ya ghafla, ya hasira, ile ya kutaka kusimama popote kweli kweli, na mimi hapo njaa ilishapita imeacha kichwa kinauma. Tunaingia mgahawani mmoja anakimbilia menyu mwingine anakimbilia choo.

Na kuna jambo lingine ambalo si la njaa peke yake. Mwili una saa yake ya ndani, na hiyo saa ina vipindi viwili vya usingizi, kimoja kikubwa usiku wa manane kuelekea alfajiri na kingine kidogo mchana, kwenye saa nane mpaka saa kumi hivi, na hicho cha mchana kinakuja hata kama hujala kitu. Sasa chukua mtu ambaye hajala tangu asubuhi, mpe sahani kubwa yenye mafuta saa tisa hiyohiyo, halafu mrudishe kwenye usukani jua linampiga usoni. Sisi tulifanya hivo bila kujua. Tulikula tukashiba, yeye akamalizia na yangu kama kawaida yake (huwa anasema hali sana, afu uma wake unavuka mpaka taratibu unaingia kwenye sahani yangu kama vile umepotea njia), tukalipa tukaondoka. Kilomita kama thelathini mbele nikasikia matairi ya upande wangu yamegusa ile mistari yenye mikwaruzo pembeni ya lami, grrrrr, gari lote likatetemeka mpaka miwani ikaanguka kutoka dashibodi. Nikageuka kumwangalia.

"Sijalala," akasema.

Mimi sikuwa nimemuuliza.

Tulisimama sehemu yenye mti, tukashusha vioo, akalala pale pale kwenye siti na mdomo wazi, mi nikawa nakaa namwangalia anavyopumua na mikono yangu inatetemeka kidogo. Sikumwambia kwamba inatetemeka. Tangu siku ile chakula cha mchana kwetu si suala la utamu tena, ni suala la nani ataendesha baada ya hapo na atakuwa katika hali gani. Anayeenda kushika usukani anakula kidogo, na sahani kubwa inamsubiri jioni tukishafika. Kahawa tunakunywa kabla ya kulala siyo baada, watu wengi wanalifanya hili kinyume, kahawa inahitaji kama nusu saa ndo ikushike sawasawa, kwa hiyo unakunywa, unaegemeza siti, unalala dakika 15 au 20, ukiamka na yenyewe imeamka. Mwongozo wa barabarani wa Uingereza unamshauri dereva apumzike angalau dakika 15 kila baada ya saa mbili, na kwa madereva wa malori na mabasi kule Umoja wa Ulaya ni sheria kabisa, hutakiwi kuendesha zaidi ya saa nne na nusu bila mapumziko ya dakika 45. Nilivyomsomea mume wangu hiyo ya malori akasema mbona sisi si lori. Nikamwambia lori lina mizigo, wewe una mimi.

Abiria naye ana adhabu yake, asijione kapona. Mimi nikila vitu vya mafuta mengi halafu tukaingia kwenye kona na mi nimeinamia simu, dakika kumi tu natafuta mfuko. Dereva hapatwi na hayo kirahisi kwa sababu anaiona kona kabla haijafika na mwili unajiandaa, abiria yeye kona inamkuta tu. Kwa hiyo sahani moja, watu wawili, mmoja anasinzia mwingine anatapika.

Kuna kipindi nilikaa nikajiuliza hivi nani alianzisha hii kazi ya kuwaambia wenye magari wakale wapi, nikakuta ni wauza matairi. Michelin, ndio, haohao. André na Édouard, ndugu wawili wa Ufaransa, mwaka 1900 walitoa kitabu kidogo cha bure kwa wenye magari, kina sehemu za kupata mafundi, mafuta, kulala, kula, wakati nchi nzima ya Ufaransa magari hayafiki hata 3,000. Hesabu yao ilikuwa nyepesi tu, mtu akijua kuna pazuri pa kula mbali ataendesha aende, akiendesha matairi yanaisha, yakiisha anajua pa kununua. Nyota zilikuja baadaye, mwaka 1926, ikiwa moja tu, na zile za pili na tatu zikafuata miaka ya 1930. Na maana ya zile nyota ni ya kisafari kabisa, moja ni mgahawa mzuri ukiwa unapita, mbili inafaa kukata kona uache njia yako, tatu inafaa kufunga safari kwa ajili yake tu. Yaani hao wapishi wakubwa duniani wanaolia wakinyang'anywa nyota wanalilia kitu kilichoanza ili raba ya tairi iishe haraka. Mi hii stori naipenda sana.

Tukatengeneza nyota zetu. Yetu moja ni choo kina maji na sabuni. Mbili ni choo kina maji na sabuni na chakula kimekuja moto. Tatu tumeshatoa mara moja tu katika miaka minane, kwa mama mmoja mwenye meza nne, aliyetuletea supu kabla hatujaagiza kitu chochote, akasema kwanza mnywe hiyo, nyie mnaonekana mmetoka kugombana.

Na tulikuwa tumetoka kugombana kweli.

Huko huko kwenye kusoma nikakutana na kitabu kingine cha barabarani, na hiki hakichekeshi. Marekani, mwaka 1936, kulikuwa na tarishi wa posta mtu mweusi anaitwa Victor Hugo Green, wa Harlem pale New York, akaanza kutoa kijitabu cha orodha ya sehemu ambazo msafiri mweusi angeweza kula, kulala, kujaza mafuta bila kufukuzwa au kufanyiwa ubaya. Kiliendelea kutoka mpaka miaka ya 1960, na ni sheria ya haki za kiraia ya 1964 ndo iliyokataza migahawa kubagua wateja kwa rangi. Nilifikiria sana kuhusu wenza wa kipindi hicho, mume na mke kama sisi, wako ndani ya gari lao zuri, hela wanayo mfukoni, njaa inauma, mgahawa wanauona ule pale taa zinawaka, na hawawezi kuingia. Wanakula walichobeba. Mimi naupita mgahawa wa pili kwa sababu hauna magari nje, nanuna, halafu naita hayo ni matatizo. Nilimsomea mume wangu hii habari usiku hotelini, akakaa kimya muda mrefu, afu akasema kesho ukitaka kusimama sema tu, ntasimama. Akasimama kweli. Siku mbili.

Sasa kuhusu kuchagua. Kila mtu ana nadharia yake na nyingi ni za uongo. Kuna hii ya fuata malori, madereva wa malori wanajua pa kula. Mimi nimeifuata hii nadharia kwa uaminifu miaka mitatu na nakwambia malori yanasimama penye nafasi ya kupaki lori, basi. Dereva mwenye trela la mita kumi na sita hawezi kwenda kwenye mgahawa wenye chakula kitamu kama nje pana nafasi ya baiskeli mbili. Wakati mwingine vyote viwili vinakutana, nafasi na chakula, hapo unakula vizuri, ila lori lenyewe si ushahidi. Nadharia ya mume wangu ya magari nje ina ukweli kidogo, si kwa sababu watu wengi wana akili kuliko mtu mmoja, hapana, ila penye wateja wengi chakula hakikai. Kinapikwa kinaisha kinapikwa kingine. Hiyo ndo faida ya msongamano, ukiondoa hiyo msongamano ni kelele tu.

Na maoni ya mtandaoni, jamani. Nyota nne na nusu, watu kumi na mmoja, unaenda unakuta pamefungwa tangu mwaka jana. Au unakuta ni pazuri kweli ila waliosifia ni watu waliokuja jumapili hawana haraka, wanasifia upepo, wanasifia machweo, wanasema huduma ni ya taratibu na yenye utulivu. Huduma ya taratibu na yenye utulivu kwa mtu ambaye bado ana kilomita 200 ni dakika sabini za kusubiri kuku. Nilijifunza kusoma yale maoni mabaya peke yake, na humo naangalia maneno mawili tu, tumesubiri na tumeumwa. Mengine yote, sijui meza zilikuwa zinayumba, sijui muziki, hayo hayanihusu.

Hilo la tumeumwa nilianza kuliangalia baada ya kitu kilichotupata, na sitaitaja sehemu wala sitasema ni njia gani. Tulifika tumechelewa, saa kumi jioni, jiko limeshapoa, dada akatuonyesha kabati la vioo lenye taa moja ya njano juu, ndani kuna wali, kuku, mboga, vyote vinang'aa kwa ile taa. Nikaweka kiganja juu ya kioo. Kilikuwa na joto la mkono wa mtu. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilisema moyoni, hiki kioo kinanisalimia. Nikaagiza ndizi mbivu na chupa ya maji. Mume wangu akasema we unajifanya mgeni wa heshima, akachukua wali na kuku, na dada kwa wema wake akaupasha moto mpaka ukatoa moshi, na ule moshi ndo ulitudanganya. Maana kuna vijidudu ambavyo chakula kikikaa kwenye uvuguvugu vinazaliana na vinaacha sumu yake mle ndani, na sumu za baadhi yao hazifi kwa kupasha, vidudu vinakufa sumu inabaki. Wali ni maarufu sana kwa hili. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kama kinasubiri kuliwa basi kikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60, na nyuzi 60 si joto la kuweka kiganja ukasalimiwa, unatakiwa utoe mkono haraka.

Saa tatu baadaye alianza kutoa jasho akasema kuna joto humu. Hakukuwa na joto. Akasimamisha gari, akatoka, akashika nguzo ya kibao cha barabarani akainama. Mimi nikahamia kwenye usukani. Nimeendesha usiku ule na mtu kajikunja siti ya pembeni anashika tumbo, kila baada ya dakika ishirini ananigusa begani, hasemi kitu, ananigusa tu na mi nasimama. Alinigusa mara saba. Kati ya mara ya nne na ya tano akasema kwa sauti ndogo, mke wangu, ile ndizi ilikuwa tamu? Nilicheka mpaka nikapaki tena, mara hii kwa sababu yangu.

Kwa hiyo siku hizi nikiingia mgahawani sifungui menyu. Menyu ya barabarani kadiri ilivyo ndefu ndivyo ilivyo na ndoto nyingi, kurasa nane zimewekwa plastiki, picha za vyakula ambavyo havijawahi kupikwa jengo lile, unaagiza hiki wanakwambia kimeisha, hiki kimeisha, unajikuta unacheza bahati nasibu na mhudumu. Mimi namuuliza dada au kaka anayehudumia, kipi kipo tayari sasa hivi na kipi mnapika mkiagizwa, na hicho cha kupika kinachukua muda gani wa kweli. Nasisitiza wa kweli. Wakisema dakika kumi najua ishirini, wakisema ishirini najua nagawanya safari. Supu inayochemka mbele ya macho yangu naipenda kuliko chochote, yai la kukaangwa nikiwa nimesimama pale pale naliamini, kitu kilicholala kwenye kabati sikitaki hata kama kimevaa suti. Na tunakula mapema, saa tano na nusu au saa sita kasoro, kabla ya foleni ya watu, chakula ndo kinashuka jikoni, mhudumu bado ana tabasamu la asubuhi. Mume wangu alilalamika sana kwamba saa tano si saa ya kula ila alivyoona hatusubiri, akanyamaza.

Bili tunalipa kutoka mfuko mmoja, tunachanga kabla ya kuondoka nyumbani, kila mtu nusu, tunaweka kwenye bahasha. Zamani alikuwa analipa yeye na mi nikawa naogopa kuagiza ninachotaka. Bahasha ilimaliza. Sina zaidi la kusema hapo.

Nina zaidi la kusema kuhusu meza yenyewe. Ndani ya gari watu wawili mnakaa bega kwa bega, wote mnaangalia mbele, na hiyo inafanya maneno yatoke kirahisi, unaweza ukasema kitu kizito huku unaangalia milima, na mwenzio anajibu huku anaangalia milima hiyohiyo, hakuna anayeona uso wa mwenzie. Mgahawani mnakaa mnatazamana. Ni mara chache sana nyumbani tunatazamana hivo, nyumbani kuna luninga, kuna sufuria, kuna mtu kasimama. Kwenye mgahawa wa njiani, mbali, hamjui mtu, chakula hakijaja, simu hazishiki mtandao, unabaki na uso wa mumeo. Na uso hauna lugha ya popote.

Ilikuwa safari ya mwaka juzi. Asubuhi kwenye gari, barabara imenyooka, kaniambia mama yake hawezi tena kukaa peke yake, anasahau jiko limewaka, na yeye anafikiria aje akae na sisi. Alisema vile kirahisi, kama anavyosema tutajaza mafuta mbele. Na mimi nikasema sawa. Nikaongeza, sawa tu, ni mama yetu. Tukaendelea na stori nyingine, tukaimba, tukabishana kuhusu mgahawa, tukasimama kwenye mmoja (niliutaja mimi, kwa jina, nilikuwa nimeshaanza kujirekebisha). Tukakaa. Meza ya plastiki, chupa ya pilipili katikati, inzi mmoja. Mhudumu akachukua oda akaenda. Na mume wangu akaniangalia, akaendelea kuniangalia, mi nikachukua ile chupa ya pilipili nikaanza kusoma maandishi ya nyuma, viambato, tarehe ya mwisho wa matumizi.

"Ile sawa ya asubuhi," akasema, "ni sawa ile ya popote?"

Sikuwa na pa kukimbilia, chakula ndo kwanza kimeagizwa, kuku wa kupika dakika arobaini. Kwa hiyo nikasema. Nikasema naogopa, nikasema nampenda mama ila nafanya kazi nyumbani na najua nani atakuwa anazima hilo jiko, nikasema sikupenda kuambiwa jambo kubwa hivo kwenye spidi ya 100 mahali ambapo siwezi hata kushuka. Nililia kidogo, yule kaka alipoleta maji akayaweka akarudi nyuma haraka kama kaona nyoka. Mume wangu hakujitetea. Akaniuliza tufanyeje. Chakula kikaja kikapoa, tukaomba kalamu, tukaandika nyuma ya karatasi ya kufutia mikono, nani atafanya nini, siku gani, dada yake atachukua miezi mingapi, tutamlipa nani wa kusaidia mchana. Kuku alikuwa mgumu kama tairi. Ile karatasi ninayo, ina alama ya mafuta kwenye kona, nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo.

Mama alikuja. Mwanzo ulikuwa mgumu na sitapamba, kuna siku nilikaa bafuni nusu saa bila kuoga. Ila dada yake mume wangu akashika miezi yake kweli, na kuna binti anakuja mchana, na jiko tumebadilisha, tumeweka linalojizima lenyewe.

Mwezi uliopita tulisafiri naye. Ni mara ya kwanza siti ya nyuma kuwa na mtu. Tulimwekea mito miwili, dawa zake kwenye kimkoba, chupa ya maji, leso. Saa tano na robo, kwa ratiba yetu ya sasa, mume wangu akapunguza mwendo, mbele kulikuwa na migahawa miwili inatazamana, mmoja upande huu mmoja upande ule, akamwangalia mama yake kwenye kioo.

"Mama, tukale wapi?"

Mama akatoa macho dirishani taratibu, akaangalia huu, akaangalia ule, akauangalia huu tena muda mrefu kidogo, akajifunga leso vizuri.

"Popote tu, wanangu," akasema.

Mume wangu alinitazama mi nikamtazama, tukaanza kucheka, yeye kwa kichwa kwenye usukani mi nashika mkanda, mama huko nyuma anauliza jamani nimesema nini, na gari limesimama katikati ya migahawa miwili indiketa inawaka haijui ielekee wapi. Nilipopata pumzi nikafungua mkanda nikageuka mwili mzima, nikapiga goti kwenye siti ili nimwone usoni.

"Mama," nikamwambia, "ule uliouangalia mara mbili una supu. Ndo huo?"

"Kama wana supu," akasema mama, "basi huo."